"Ojalá" si "Insha Allah": Tusidanganywe na Sauti

Baada ya darsa ya Alasiri hapa Ruvu, kijana mmoja alinionesha karatasi inayopita mkono kwa mkono, iliyoorodhesha maneno ya Kihispania yanayosemwa kuwa ni ya Kiarabu. Alitaka niithibitishe ili aisome mbele za watu. Nimeipitia. Ndani yake mna haki na mna makosa, na kwa kuwa kosa moja linagusa hukmu ya kiapo, sikuona vyema kunyamaza.

Kwanza tuipe haki nafasi yake. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ikaanguka mwaka 1492. Kwa karne hizo karibu nane Kiarabu kiliingia mahakamani, sokoni na majumbani. Ndiyo maana "hata" yetu ni ndugu wa "hasta" yao, kwa maana ya mpaka, kama wazee wetu wanavyosema "hata lini?". "Fulani" kwao ni "fulano". "Mnada" ni "almoneda". Msimamizi wa wasia huitwa "albacea", kutokana na sahib al-wasiyya.

Na "rehani" ndiyo "rehén". Lakini hapa mwandishi wa karatasi amepata asili akaacha maana. Kwa Kihispania "rehén" ni mateka, yaani mtu anayeshikwa ili jambo fulani litimizwe. Kwetu, rihaan iliyotajwa katika Suratul Baqara aya ya 283 ni mali, na kanuni ya Mashafii ni kwamba kifaacho kuuzwa ndicho kifaacho kuwekwa rehani. Mtu huru hauzwi, basi harehaniwi. Neno ni moja, hukmu si moja.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Karatasi inasema: "Ojalá ni Insha Allah." Kauli hii si ngeni, waliisema hata baadhi ya wataalamu wa zamani. Lakini tuipime. Zamani neno hili liliandikwa "oxalá", na ile x ilitamkwa sh, kama Wareno wanavyolitamka hadi leo. Basi sehemu ya pili ni "shaa Allah" bila ubishi. Tatizo ni ile "o" ya mwanzo. Ingekuwa ni "in", nuni yake imekwenda wapi? Kamusi ya Chuo cha Lugha cha Hispania inalirudisha kwenye "law shaa Allah" ya Kiarabu cha Andalusi. Joan Corominas, katika kamusi yake ya miaka ya 1954 hadi 1957, aliona ni "wa shaa Allah". Wamekhitalifiana, lakini wote wawili hawakuchukua "in".

Mwanafunzi wa nahau anajua kwamba "in" na "law" si kitu kimoja. "In" ni sharti la jambo linaloweza kuwa. "Law" ni ya jambo lililozuilika, na huja pia kwa kutamani. Matumizi ya "ojalá" ni hayo ya kutamani: Mhispania husema "ojalá llueva", nasi tungesema "Mungu ajaalie mvua inyeshe".

Huenda ukauliza, kuna ubaya gani? Ubaya uko hapa. Mtu akiapa kwa Jina la Mwenyezi Mungu kuwa atafanya jambo, akaunganisha papo hapo na Insha Allah kwa kukusudia, asipolifanya hana kafara, kwa sababu amefanya istithnaa. Je, Muislamu wa Madrid akiapa kwa lugha yake na kufuatisha "ojalá"? Ukifuata karatasi, kiapo chake kimefungwa na mashia ya Allah. Ukifuata lugha, yeye ametamani tu, hakufunga. Wahispania wana msemo wa Insha Allah yenyewe, nao ni "si Dios quiere", Mungu akipenda. Mufti asiyetofautisha hayo mawili atampotosha muulizaji.

Karatasi imeongeza kuwa "olé" ni "Wallahi". Hili halina hoja ila kufanana kwa sauti, na Federico Corriente, bingwa wa Kiarabu cha Andalusi, alilikataa. Tena imetaja maneno 4,000, pasipo kusema kuwa hesabu hiyo hujumuisha majina ya miji na mito pamoja na vinyambuo.

Sauti peke yake si dalili. "Gereza" linasikika kama neno la Kiarabu, kumbe limetokana na "igreja" ya Wareno, yaani kanisa. Tunadai isnadi kwa anayetusimulia hadithi. Na anayetusimulia asili ya neno tumuulize limepita wapi, sauti zake zimegeukaje, na maana yake imehamaje. Kijana nimemrudishia karatasi yake, nikamwambia asome "hasta" na "fulano", "ojalá" aisahihishe, na "olé" aifute.

Wallahu a'lam.