Jaws: Papa Aliyefichwa

Riwaya ya Jaws ya Peter Benchley, iliyotoka mwaka 1974, inaanza na papa mwenyewe. Kabla hatujamfahamu binadamu hata mmoja, tuko majini usiku na mnyama huyo, tukielezwa anavyolazimika kuogelea bila kutua ili maji yapite kwenye matamvua yake, na anavyohisi mtikisiko wa mwogeleaji kutoka mbali. Ni kurasa nzuri, ila zina gharama. Msomaji akizimaliza ameshamjua papa kuanzia pua hadi mkia, na kilichobaki ni kungoja ataliwa nani.

Filamu ya Steven Spielberg, iliyoingia kwenye kumbi za Marekani Juni 1975, inaanza na kifo hichohicho cha msichana anayeogelea usiku. Safari hii papa haonekani. Msichana anazamishwa mara moja, anaibuka, anaburutwa huku na huku, anang'ang'ania boya, kisha anatoweka na maji yanatulia. Mwigizaji alifungwa kamba zilizokuwa zikivutwa na mafundi. Kazi yote ya kumtengeneza papa ameachiwa mtazamaji, na mtazamaji humtengeneza mkubwa kuliko fundi yeyote.

Sehemu ya ufundi huu ilizaliwa na balaa. Papa wa mashine walijaribiwa kwenye maji baridi, na walipofikishwa baharini, kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, chumvi ikawaharibu. Upigaji picha uliopangiwa siku 55 ukachukua 159. Mwongozaji asiye na papa alihitaji vitu vya kumwakilisha, na hapo ndipo filamu inapoanza kuiacha riwaya nyuma.

Mwakilishi wa kwanza ni gati. Wavuvi wawili wanatega usiku kwa kipande kikubwa cha nyama. Papa anameza chambo, anang'oa kipande cha gati na kuondoka nacho, na mvuvi mmoja anaanguka majini. Kipande kile kinachoelea kinakwenda mbali, kinasimama, halafu kinageuka. Mbao tu zinarudi kumfuata mtu anayeogelea, na ukumbi mzima unashika viti. Baadaye mapipa ya manjano yaliyofungwa kwa papa yanafanya kazi ileile. Pipa likizama tunajua nani amelivuta na ana nguvu kiasi gani.

Mwakilishi wa pili ni muziki wa John Williams, na siri yake ni uaminifu. Watoto wanapowatisha watu kwa pezi la maboksi, muziki haupigwi. Mtazamaji anafundishwa bila kuambiwa kwamba noti mbili za muziki huo ni papa, na kimya ni usalama. Akishazoea, kanuni inavunjwa. Mkuu wa polisi Brody anamwaga chambo nyuma ya mashua huku akinung'unika, na kichwa cha papa kinaibuka karibu naye bila noti hata moja kututahadharisha. Hapo imepita saa moja na dakika kama 20 katika filamu ya dakika 124.

Tazama pia tukio la ufukweni, kabla mtoto Alex Kintner hajauawa. Brody amekaa mchangani, macho baharini. Watu wanapita mbele ya kamera, na kila mwili unapoziba picha, mhariri Verna Fields anakata. Mwili ukiondoka, tumesogezwa karibu zaidi na uso wa Brody. Mkato haujifichui, ila wasiwasi unapanda. Katikati yake kuna vitisho vya uongo, kama kofia ya mzee inayofanana na kitu cheusi majini na msichana anayepiga kelele kwa utani. Kwenye riwaya mwandishi angelazimika kutuambia kwamba Brody ana hofu. Hapa tunaipata hofu yenyewe. Fields alipata Oscar ya uhariri, na aliistahili.

Upande wa hadithi, kisu kilipita bila huruma. Riwaya ina mapenzi ya siri kati ya Ellen, mke wa Brody, na mtaalamu wa samaki Hooper. Ina pia meya aliyebanwa na madeni ya Mafia. Vyote vimetupwa. Spielberg aliwahi kusema kwamba alipokuwa akiisoma riwaya, wahusika walimchosha kiasi cha kumtakia papa ushindi. Mapenzi yale yalipoondoka, mashua inayomwinda papa ikabaki na wanaume watatu, Brody, Hooper na nahodha Quint, wanaogombana kuhusu kazi, si kuhusu kitanda, na tukaweza kuwapenda wote.

Lakini kukata peke yake hakutoshi, lazima kiingizwe kitu cha thamani. Filamu ilimwongezea Quint historia ambayo haimo kabisa kitabuni: alikuwa baharia wa manowari ya Indianapolis, iliyozamishwa na nyambizi ya Japani Julai 1945, ikaacha mamia ya watu majini kwa siku kadhaa, wakiwindwa na papa. Quint anaisimulia usiku, kwa sauti ya chini, na kamera haikimbilii kutuonyesha picha za vita. Mvuvi mkorofi wa Benchley anageuka mtu mwenye kisasi cha kulipiza.

Mwisho ndio wenye ubishi. Kitabuni papa anafika karibu na Brody, kisha anakufa kwa majeraha na kuzama. Kwenye filamu Brody anapiga risasi mtungi wa hewa ulio kinywani mwa papa, na papa analipuka. Benchley aliupinga mwisho huo kwamba hauaminiki, na kisayansi alikuwa sahihi. Ila angalia maandalizi yake. Mapema Brody anapekua kitabu chenye picha ya papa aliyeuma mtungi. Baadaye, mashuani, Hooper anaonya kwamba mitungi ile inaweza kulipuka. Mbegu mbili zimepandwa bila kelele, kwa hiyo mlipuko unapofika tunaupokea kama mavuno.

Benchley alileta samaki, mji wa pwani na hofu, na bila yeye pasingekuwa na filamu. Alichokosa ni subira ya kuficha. Kama una riwaya mkononi na unataka kuifanya filamu, usianze kwa kuuliza utaonyesha nini. Anza na utakachokificha, na nini kitasimama mahali pake.