Shujaa Asiye na Upanga: Kuisoma Barua ya Félicité Niyitegeka

Kila tunapofundisha dhana ya shujaa katika somo la fasihi, aghalabu tunaanza na Fumo Liyongo. Hilo si kosa. Utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa una kila anachokihitaji mwalimu: kimo cha kupita kawaida, nguvu za kutisha, na mtu asiyeweza kuuawa ila kwa shaba ya kitovuni. Tatizo linajitokeza pale mwanafunzi anapotoka darasani akiamini kwamba shujaa hana budi kuwa mtu wa namna hiyo. Tulipowapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili insha kuhusu shujaa wanayemfahamu, wengi waliandika juu ya majemadari na wachezaji wa mpira. Hakuna aliyemwandika jirani yake.

Katika makala haya tunapendekeza matini nyingine isomwe kando ya utenzi huo. Ni barua fupi ya Félicité Niyitegeka, aliyezaliwa mwaka 1934, mlei Mkatoliki aliyeyaweka maisha yake wakfu na aliyekuwa akiongoza Kituo cha Mtakatifu Petro mjini Gisenyi. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, aliwapa hifadhi watu waliokuwa wakiwindwa na kuwasaidia baadhi yao kuvuka mpaka kwenda Goma. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, na kaka yake, afisa wa jeshi, alimtaka awaache ili aokoke. Barua hiyo ndiyo jibu lake. Aliuawa pamoja na wageni wake tarehe 21 Aprili 1994. Leo yumo miongoni mwa mashujaa wa taifa la Rwanda, katika daraja la Imena.

Barua yenyewe ni ya mistari michache tu. Anaanza kwa kumshukuru kaka yake kwa kumjali, wala hamlaumu. Kisha anataja hesabu: watu 43. Hatumii neno la jumla kama vile "wanyonge". Anawahesabu, kama mama anavyohesabu watoto wake usiku kabla ya kufunga mlango. Anasema anachagua kufa nao kuliko kuwaacha. Halafu anatuma salamu za kumuaga mama yao mzee.

Mtindo wake ndio unaotuvutia. Hamna tashbihi, hamna chuku. Katika utenzi, chuku ndiyo inayomjenga shujaa. Hapa shujaa anajengwa na kukosekana kwake. Imani nayo haitolewi kama mahubiri. Anaomba waombewe, naye anaahidi kumwombea kaka yake. Katika nyongeza ya mwisho anasema kwamba Mungu akiwaokoa, wataonana kesho. Walimu wa sarufi watatuelewa: wazo hilo kwa Kiswahili linadai -ki-, si -nge-. Tukiweka -nge-, tunamfanya mtu aliyekwisha kukata tamaa. -ki- inaiacha kesho wazi, na kwa maoni yetu imani yote ya barua hiyo imekaa katika uwazi huo.

Mwenzetu mmoja idarani alitupinga. Alisema barua si fasihi, na kwamba mahubiri yana mahali pake, nako ni kanisani. Hoja ya kwanza ni nyepesi, kwani barua ni utanzu tunaoufundisha kila mwaka. Ya pili ni nzito. Mwaka 1994 watu wengi waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama na Nyarubuye. Na Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokimbilia humo. Waumini walikuwemo kati ya waliouawa na kati ya wauaji. Kwa hiyo hatuwezi kuisoma barua hii kama cheti cha sifa kwa Kanisa. Tunaisoma kama kazi ya mtu mmoja aliyeyachukua maneno ambayo wengi waliyasali kila Jumapili, akayatenda siku yalipodaiwa.

Hapo ndipo barua inapotuuma. Liyongo hatudai chochote, kwa sababu hakuna kati yetu mwenye mwili wake. Félicité hakuwa na nguvu yoyote ambayo sisi hatuna. Tukimpamba kwa sifa za utendi tutakuwa tumejipa ruhusa ya kumsifu bila kujiuliza lolote.

Muhula uliofuata tuliisoma barua kwanza, kisha tukatoa swali lile lile la insha. Mwanafunzi mmoja aliandika kuhusu shangazi yake anayelea watoto watatu wa jirani aliyefariki. Insha ilikuwa na makosa ya upatanisho wa kisarufi, nasi tuliyasahihisha. Chuku hatukuiona hata moja.