Fani ya Humusi: Dengu, Ufuta na Ufundi wa Kupunguza

Humusi iliyoandaliwa na mjuzi haimwagwi sahanini, bali hutandazwa. Mwandaaji hulaza mgongo wa kijiko katikati na kuzungusha sahani huku akikandamiza, hata rojo likapanda pembezoni na kuwa ukingo, na katikati pakabaki bonde la kupokea mafuta ya zeituni. Umbo hilo halikuwekwa kwa ajili ya urembo tu. Mlaji huanza ukingoni na kuelekea ndani, na mkate wake hukutana kwanza na rojo tupu, kisha rojo lililolowa mafuta, na mwisho dengu nzima chache zilizoachwa bondeni ili aione malighafi baada ya kwisha kuionja kazi yake. Ni usimulizi wa pembeni-kati, na msimulizi wake ni mkate. Uzito wa rojo nao hupimwa kwa mkate huohuo, kwani likiwa jepesi hudondoka njiani na likiwa zito huuchana.

Viungo vya msingi ni vitano tu: dengu, tahini, limau, kitunguu saumu na chumvi. Kwa uchache huo, hakuna mahali pa kuficha kosa. Dengu, zile kubwa nyeupe, hurowekwa usiku kucha na kuchemshwa kwa magadi kidogo, kwa sababu magadi hudhoofisha pektini inayoshikilia ganda na chembe za punje. Mpishi wetu anayelainisha maharage makavu kwa njia hiyo anaijua kanuni hii hata kama hajawahi kuiita kwa jina. Punje huachwa motoni kupita kiwango cha kawaida cha kuiva, mpaka ibonyee yenyewe kati ya vidole viwili.

Kisha huja tahini, na hapa ndipo msuko unapofikia kilele. Tahini ni ufuta uliosagwa, yaani mafuta yaliyobeba chembe kavu. Ukiitia maji ya limau hutarajii ikaze, lakini hukaza: hupauka, hujikunja, hugoma kwenye kijiko, na asiyeizoea hudhani imeharibika. Chembe zile zimenyonya maji machache na kung'ang'aniana. Ukiendelea kuongeza maji ya baridi kidogo kidogo, ghafla huachia na kuwa laini na nyeupe, kwa kuwa sasa maji yametosha na mafuta yametawanyika ndani yake kwa matone madogo mno. Naiita hali hiyo mgando wa mpito, na sioni mbinu nyingine katika pishi hili inayodai imani kubwa zaidi kutoka kwa mpishi. Kitunguu saumu nacho kina busara yake: kikipondwa ndani ya limau badala ya kupondwa kikavu, asidi huzuia kimeng'enya kinachozalisha ukali, na harufu hubaki bila kuunguza ulimi.

Nasaba ya matini hii inaanzia mbali. Dengu ilianza kulimwa kusini-mashariki mwa Uturuki ya leo yapata miaka 10,000 iliyopita, na mzazi wake wa mwituni bado anaota huko. Lakini punje si pishi, na pishi lililoandikwa tunalikuta katika vitabu vya Kiarabu vya karne ya 13 na 14, hasa Kitab al-Wusla ila al-Habib kinachonasibishwa na Ibn al-Adim wa Aleppo, aliyefariki mwaka 1262. Dengu zilizopondwa za zama hizo zina msongamano: siki, malimau ya chumvi, majani, viungo vya kunukia, jozi na lozi, mara pamoja na tahini na mara bila. Ukizisoma sambamba na sahani ya leo unaona kwamba historia ya humusi ni historia ya kufuta. Siki iliondoka ikaachia limau mbichi nafasi, jozi na lozi zikaondoka, ufuta ukabaki peke yake. Kazi ya mhariri ilikuwa kubwa kuliko ya mtunzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ni uhariri uliofaulu.

Ndiyo maana mabishano ya Lebanon na Israeli kuhusu umiliki wa humusi hayanishughulishi sana. Januari 2010 kijiji cha Abu Ghosh nchini Israeli kiliandaa sahani ya humusi ya kilo 4,090. Mwezi Mei Lebanon ikajibu kwa kilo 10,452, tarakimu ileile inayotajwa kuwa eneo la nchi hiyo kwa kilomita za mraba. Kama ishara ya kisiasa namba hiyo imetungwa vizuri. Kama pishi, wingi huo umepoteza kipimo cha mkate na mkono.

Faida kwa afya nazo zimo katika muundo wenyewe. Protini ya dengu ina lisini ya kutosha lakini methionini haba. Ufuta una methionini na upungufu wa lisini. Mbegu hizi mbili hukamilishana, na kilichoziunganisha ni ladha, karne nyingi kabla ya maabara. Gramu 100 za dengu zilizochemshwa hutoa takribani gramu 9 za protini, zaidi ya gramu 7 za nyuzinyuzi na karibu miligramu 3 za madini ya chuma. Madini ya chuma ya mimea hunyonywa kwa shida, na vitamini C ya limau hurahisisha unyonywaji huo. Nyuzinyuzi na mafuta hupunguza kasi ya sukari kuingia damuni. Tahini, hata hivyo, ina nishati nyingi, na wapo wenye mzio mkali wa ufuta, kiasi kwamba Marekani imelazimisha utajwe kwenye lebo za vyakula tangu 2023.

Kwa mtazamo huu wa mbegu mbili zinazokamilishana, najua pa kuweka mpaka kati ya tafsiri na upotoshaji. Musabbaha, ambamo dengu huachwa nzima au nusu ndani ya tahini, ni tafsiri halali: uhusiano wa mbegu mbili umebaki, kilichobadilika ni daraja la usagaji. Kopo la dukani lililopunguziwa tahini na kujazwa mafuta ya bei nafuu limevunja uhusiano huo, hata likiandikwa jina lilelile. Mpishi wa Lindi au Mtwara, anayeishi penye ufuta mwingi, anaweza kuukaanga kidogo, kuusaga na kuanza hapo. Dengu ndogo za kahawia za Shinyanga zitamdai muda mrefu zaidi jikoni na kazi ya kuondoa maganda, na rojo lake litakuwa jeusi kidogo na lenye ladha ya udongo, jambo ambalo silioni kuwa kasoro.