Lenzi ya Harold Ridley na Hesabu Iliyokosewa

Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda ndani ya lenzi iliyo nyuma ya mboni hadi mwanga ushindwe kupita, na kwa takriban karne mbili tangu Jacques Daviel wa Ufaransa aanze kuitoa lenzi hiyo kwa upasuaji, mgonjwa alibaki na jicho lisilo na lenzi, akitegemea miwani mizito iliyokuza kila kitu. Harold Ridley, mpasuaji wa macho Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1906, ndiye aliyeamua kulirudishia jicho lenzi bandia.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani waliumizwa na vipande vya Perspex, yaani plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, iliyofunika vyumba vyao, na Ridley akaona kuwa vipande hivyo viliweza kukaa jichoni bila kuleta uvimbe. Kwa msaada wa John Pike wa kampuni ya Rayner alipata lenzi ya plastiki hiyo, na tarehe 29 Novemba 1949 akaanza kuipandikiza katika Hospitali ya St Thomas', London, ingawa lenzi haikuachwa jichoni moja kwa moja hadi Februari 1950.

Wakati wapasuaji wengi walipendelea kuiondoa lenzi pamoja na kifuko chake chote, Ridley aliufungua upande wa mbele tu wa kifuko, akatoa sehemu yenye ukungu na kuubakiza utando wa nyuma ili uibebe lenzi mpya. Uamuzi huo ulikuwa na thamani kubwa kuliko hata plastiki yenyewe. Kilichokosewa ni hesabu: mapindo ya lenzi yaliigwa kutoka kwa lenzi ya asili, ilhali Perspex hupinda mwanga kwa nguvu zaidi, hivyo mgonjwa akawa haoni mbali kwa kiasi cha dayopta 18 hivi, dayopta ikiwa kipimo cha nguvu ya lenzi. Kasoro hiyo ilisahihishwa upesi. Uzito wa lenzi, uliofanya baadhi zihame mahali pake, ulisumbua zaidi.

Ridley alipoitangaza kazi hiyo Oxford mwaka 1951, wakubwa wa fani, akiwemo Stewart Duke-Elder, waliipinga. Tahadhari yao ilieleweka, lakini hukumu yao ilikuwa na makosa: lenzi za leo ni nyepesi na hukunjika, lakini kwa kawaida huwekwa katika kifuko kilekile nyuma ya irisi, yaani duara lenye rangi la jicho, na Ridley mwenyewe alipozeeka alipandikizwa lenzi katika macho yote mawili, katika hospitali ileile ya St Thomas'.