Kufuta, Kutupa na Kuondoa: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Mashauri ya Madai

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikikitumia tangu zamani. Mzigo mpya umeziangukia zaidi mahakama za juu yake, pamoja na wafasiri wake. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki matumizi ya neno moja tu, yaani “kufuta”, kwa kuwa tunaona kwamba linabebeshwa maana zisizolingana.

Tuchukue mfano. Mkulima wa alizeti wa Mkalama anamdai mfanyabiashara bei ya mazao yake, na shauri limefunguliwa mjini Singida. Siku ya kusikilizwa mdaiwa anafika, mdai hafiki. Mahakama inatoa amri, na mkulima anaambiwa: “Kesi yako imefutwa.” Naye anaelewa kama mtu yeyote ajuaye Kiswahili: kilichofutwa huweza kuandikwa upya. Anarudi shambani, akitumaini kufungua shauri jingine baada ya mavuno.

Hapo ndipo neno linapomponza. Kwa mujibu wa Amri ya 9 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, shauri likitupwa kwa sababu mdai hakufika ilhali mdaiwa amefika na hakukiri deni, mdai hazuiliwi kuomba amri hiyo itenguliwe, akionyesha sababu ya kutosha. Lakini haruhusiwi kufungua shauri jipya kwa dai lilelile. Lau wote wawili wasingefika, angeweza kufungua upya, maadamu muda wa kisheria haujapita. Neno moja likitumika kwa hali zote mbili, mwananchi hupoteza haki yake bila kujua.

Tofauti hizi si ngeni kwetu. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika rufani iliyohusu Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, ilibainisha kwamba kuitupa rufani ni kuimaliza rufani iliyofikishwa ipasavyo, na kuifuta ni kusema kwamba mbele ya mahakama hapakuwa na rufani halali. Sheria ilikwisha kutenganisha. Wajibu wa lugha ni kufuata.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. “Kuondoa” kuwe kitendo cha mdai mwenyewe anapolitoa shauri lake. “Kufuta” kubaki kwa shauri lililofikishwa mahakamani isivyo halali, likaondoshwa katika daftari. “Kutupa” kutumike pale mahakama inapolimaliza shauri dhidi ya mdai. Wapo watakaosema kwamba “kutupa” ni neno kali. Tunakiri ukali huo, lakini twauona kuwa ni faida: anayesikia shauri lake limetupwa hataketi akisubiri mavuno.

Aidha, sababu itajwe daima. Kutupa shauri “kwa mdai kutofika” si sawa na kulitupa “kwa kukosa uthibitisho”, wala si sawa na kulitupa “kwa mdai kutoliendesha”. Kuhusu hili la mwisho tunawatahadharisha wafasiri wasivutwe na Kiingereza wakaandika “kwa kukosa mashtaka”. Mashtaka ni ya jinai. Katika madai hakuna mshtakiwa, ila mdai aliyeacha kulisukuma mbele shauri alilolianzisha mwenyewe.

Istilahi peke yake, hata hivyo, haitoshi. Tungependa kila hati ya amri ya namna hii iwe na sentensi moja ya Kiswahili chepesi, ikimweleza mdai kama anaweza kufungua upya, au anapaswa kuomba amri itenguliwe, na kwa muda gani. Walimu wa lugha, kwa upande wao, waweza kuzifundisha istilahi hizi tatu kwa pamoja, kila moja na matokeo yake. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nasi twaongeza kwamba mnyonge hawezi kuidai haki ambayo jina lake limemficha.