Abana ba Nasery: Mzaha Uliopimwa kwa Chupa

Wahakiki wetu wamezoea kuuliza wimbo una ujumbe gani kabla ya kuuliza unachekesha kwa njia gani. Kwa mazoea hayo tumewapita wasanii wengi, lakini sidhani kama kuna tuliowapita kwa hasara kubwa kuliko Abana ba Nasery wa Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Hawa walikuwa watu watatu wenye magitaa mawili makavu na chupa tupu ya Fanta. Wanaowataja huitaja chupa kwanza, wakatabasamu, kisha wakaendelea na mambo wanayoyaona kuwa mazito. Makala haya yanakusudia kubaki na chupa hiyo, na na tabasamu hilo, kwa muda mrefu zaidi. Nakiri pia kwamba siandiki kama hakimu asiye na upande. Nawapenda, na ningependa wasomaji wa jarida hili wawapende.

Historia yao ya awali yaweza kuelezwa kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo historia ya gitaa lote la magharibi ya Kenya. Katika miaka ya 1950 nyimbo za Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville mwaka 1952, zilikuwa zimeanza kusikika Afrika ya Mashariki. Baadaye Mwenda mwenyewe na Edouard Masengo walifika Nairobi. George Mukabi wa Kisa aliyasikia hayo, akaunda mtindo wake alioupa jina la omutibo, ambao kidole gumba hushika besi na kidole cha shahada hutembea juu ya nyuzi nyembamba. Mukabi alifariki mwaka 1963 angali kijana. Abana ba Nasery walitokea katika muongo huohuo, wakaurithi mtindo huo na kuupeleka mahali ambapo sidhani Mukabi aliwahi kuuwazia.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe ni shairi la kwanza la kundi hili. "Abana" ni neno ambalo Mswahili yeyote atalitambua bila mkalimani: ni wana, na kiambishi aba- ni ndugu wa wa- yetu. "Ba" ni kiunganishi. Hadi hapo tumo katika sarufi ya ukoo, kwani ndivyo mtu anavyotambulishwa katika nchi ya Waluhya, kwa nyumba aliyotoka na kwa babu aliyemzaa. Msikilizaji hungoja jina la mhenga. Badala yake huletewa "Nasery", yaani shule ya watoto wadogo, neno la Kiingereza lililosimama mlangoni likiwa nusu limetahiriwa kwa matamshi yetu na nusu bado. Kwa hiyo tunao ukoo ambao asili yake ni darasa la chekechea. Wanaume hawa walibeba jina hilo walipokuwa vijana, wakalibeba wakiwa na wake na watoto, na wakapanda nalo ndege kwenda Ulaya. Kadiri miaka ilivyopita ndivyo mzaha ulivyozidi kuiva, pasipo wao kuongeza neno lolote.

Linganisha na tafsiri ya London. Santuri yao iliyotoka huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliitwa !Nursery Boys Go Ahead!, na kichwa chake kidogo kikawatangaza kuwa wafalme wa gitaa na chupa. Neno "boys" ni tafsiri halali katika kamusi, lakini katika Kenya ni neno lenye kovu. Mtu mzima aliyefanya kazi katika nyumba au shamba la mzungu aliitwa "boi" hata mvi zilipomjaa kichwani. "Abana" haina kovu hilo, kwa sababu mwana ana baba, ana mama, na ana kwao, hali "boi" hana ila bwana wake. Sisemi kwamba waliolitunga jina la santuri walikusudia ubaya. Nasema kwamba mzaha uliotungwa kwa sarufi ya nasaba ulipovuka bahari uliiacha nasaba nyuma, na kilichofika ni utoto peke yake.

Sasa chupa. Anayeisikiliza akiwa Iguhu ana faida fulani juu ya msikilizaji wa mbali. Hapa Idakho sikio la mtu hulelewa na isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya paa na vyuma vinavyogongwa au kutikiswa. Sikio hilo linajua kwamba mshindo mzito wa ngoma kubwa ndio unaotikisa kifua, lakini chuma kile chembamba cha juu ndicho kinachowaambia wachezaji wapo wapi. Mabega hufuata chuma. Chuma kikikosea, kundi zima hutawanyika hata kama ngoma kubwa inaunguruma vema, iwe ni katika msiba au njiani kuelekea Malinya kwenye mapigano ya mafahali.

Chupa ya Okola hufanya kazi ya chuma hicho. Chupa ya Fanta ya kioo ilikuwa na migongo iliyoizunguka mwilini, na ukiikwaruza migongo hiyo, kisha ukaigonga, unapata sauti mbili katika chombo kimoja: moja ndefu yenye mikwaruzo, nyingine fupi na kali. Wapigaji wa kizazi cha Mukabi waliijua mbinu hii, kwa hiyo si uvumbuzi wa Abana ba Nasery. Kilicho chao ni uthabiti. Magitaa mawili yanasukana, moja likijibu kabla ya lingine kumaliza kuuliza, na msikilizaji hupotea kwa urahisi asijue kipande kipi kimechezwa na nani. Chupa haipotei. Inakwenda kwa utulivu wa mtu anayehesabu fedha za wenyewe. Na kwa kuwa chombo hiki ni takataka ya dukani, kitu ambacho mwenye duka anataka arudishiwe ndani ya kreti, utulivu huo wenyewe unachekesha. Anayekwaruza chupa kwa kejeli hachekeshi mtu. Anayeikwaruza kwa uaminifu wa mpiga kinanda kanisani ndiye anayetuvunja mbavu, na tukishacheka tunagundua kwamba tumekwisha kuanza kucheza.

Nimetaja kanisa kwa makusudi. Bunyore ni nchi ya Kima, ambako misheni ya Church of God imekuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na watu wake wamekua wakiimba tenzi kwa sauti zilizopangana. Sauti za Abana ba Nasery zina mpangilio huo. Hazipigi kelele wala hazilii, na hakuna anayemshinda mwenzake. Kwa sauti za namna hiyo mtu hutazamia kuusikia wokovu, naye huletewa mapenzi yaliyogeuka, jirani anayetajwa kwa jina, na shida za fedha. Nadharia zetu za kinaya, tunazozifundisha kwa kutumia tamthilia, zingepata hapa mfano ulio wazi zaidi: pengo kati ya namna ya kusema na jambo linalosemwa, likishikiliwa toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho bila ya mwimbaji kukonyeza jicho.

Watu haohao walirekodi pia kwa magitaa ya umeme, wakijiita Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band. Nyimbo hizo ni nzuri kwa dansi. Lakini majina hayo ni majina ya bendi nyingi za wakati huo, na muziki wake haunishiki kama ule wa magitaa makavu.

Jambo lililonivutia zaidi katika maisha ya kundi hili ni kukutana kwao na kundi lingine la mzaha. Uingereza ya miaka ya 1980 ilikuwa na bendi iliyoitwa 3 Mustaphas 3. Wanamuziki wake walivaa tarbushi, wote walijiita Mustapha, na walidai kuwa wapwa wa mjomba mmoja aitwaye Patrel, wakitokea mji wa Szegerely katika Balkani, mji usio katika ramani yoyote. Walisimulia kwamba walivushwa hadi London wakiwa ndani ya mafriji. Mmoja wao, Hijaz Mustapha, jina lake halisi ni Ben Mandelson, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya GlobeStyle. Masikio ya bendi hii yalikuwa yamekwisha kufika kwetu: santuri yao Shopping ya mwaka 1987 ina wimbo uitwao Shika Shika. GlobeStyle ndiyo iliyotoa mkusanyo wa rekodi za zamani za Abana ba Nasery mwaka 1989, na ndiyo iliyotoa santuri ya London, ambamo wageni kutoka 3 Mustaphas 3 na Oyster Band walishiriki.

Watu wa Bunyore, basi, walikaa chumba kimoja cha kurekodia na watu wa Szegerely. Makundi yote mawili yalikuwa na ukoo wa kubuni, lakini ubunifu wao haukuwa wa aina moja. Mustapha anachekesha kwa kujifanya mtu wa mahali pasipokuwapo. Kila lugha ni yake kwa sababu hana kwao. Mwana wa Nasery anachekesha kwa sababu kwao panajulikana mno, hata jina la jirani likitajwa katika wimbo, jirani mwenyewe aweza kuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Mzaha wa kwanza unaweza kusafiri popote. Wa pili ni utani, na utani unahitaji mtani.

Ndiyo maana naiweka santuri ya London chini ya mkusanyo wa 1989, ingawa ina furaha nyingi na imerekodiwa kwa usafi zaidi. Ala za wageni zinaingia kwa adabu, lakini zinaingia mahali palipokuwa wazi kwa makusudi. Katika rekodi za zamani kuna nafasi kati ya gitaa na gitaa ambamo chupa inasikika peke yake kwa kitambo kidogo, na hapo ndipo kicheko huzaliwa. Nafasi hiyo ikijazwa, muziki unazidi kunoga na mzaha unapungua.

Imebaki kuuliza kwa nini idara zetu zimekaa kimya. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati, fasihi simulizi ilipata kiti. Wanafunzi walitumwa vijijini kukusanya ngano, vitendawili na nyimbo za jando. Gitaa halikukusanywa. Lilionekana kuwa la kigeni mno kwa mtafiti wa mila, na la kishamba mno kwa mtafiti wa mambo mapya. Kazi kubwa ya kulifuatilia ilifanywa na John Low, mpiga gitaa mwenyewe, ambaye mwaka 1982 alichapa Shaba Diary huko Vienna na makala kuhusu historia ya gitaa la Kenya katika jarida la African Music. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nilifurahi kama kila mtu wa hapa. Lakini wimbo wa chupa nao ni fasihi simulizi ya watu haohao, una ushairi wake na ucheshi wake, na maneno yake mengi ya Kinyore hayajaandikwa wala kufasiriwa popote ambapo mwanafunzi anaweza kuyapata. Mwanafunzi wa Kinyore mwenye subira na mashine ya kunasia sauti angeweza kuianza kazi hiyo katika likizo moja.

Ahimizwe kuanza na mkusanyo wa 1989, na asome maneno baadaye. Kwanza afuate chupa tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, asijali magitaa. Kisha arudie, akifuata gitaa la pili. Soda siku hizi huuzwa sana katika plastiki, na plastiki ukiikwaruza hutoa sauti ya mfuko wa sukari. Kwa hiyo akitaka kujifunza kupiga, itambidi aweke rehani ya chupa dukani.