Chanda chema cha mchapishaji na pete tunazokivisha

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Cha Henry Chakava kilikaribia kukatwa kwa panga. Kosa lake? Alikubali kuchapisha kazi za Ngugi wa Thiong'o kwa lugha ya Gikuyu, wakati ambapo kuhusishwa tu na mwandishi huyo aliyetoka kizuizini kulitosha kumtia mtu mashakani. Hadithi hiyo ilisimuliwa sana Chakava alipotuaga Machi 2024, na ni haki yake isimuliwe. Hata hivyo, sijaridhishwa na namna tunavyowaenzi wachapishaji wetu, na leo nitaeleza ni kwa nini.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Chakava alijiunga na Heinemann jijini Nairobi mwaka wa 1972 akiwa mhariri, akapanda hadi kuwa mkurugenzi. Mnamo 1980 kampuni hiyo ilitoa Caitaani Mutharaba-ini, riwaya ambayo Ngugi aliiandika akiwa gerezani Kamiti, pamoja na tamthilia ya Ngaahika Ndeenda aliyoitunga na Ngugi wa Mirii. Mnamo 1982 wasomaji wa Kiswahili nao wakaipata Shetani Msalabani. Ilipofika 1992, kampuni ilikuwa imetoka mikononi mwa Waingereza na kuitwa East African Educational Publishers. Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi ilimfikia 2006. Alipotimiza miaka 70, mwaka wa 2016, Kiarie Kamau na Kirimi Mitambo walihariri kitabu kizima cha insha za kumuenzi.

Kongole kwao. Lakini hebu tujiulize: pete zote hizi zinapima nini?

Aghalabu sifa tunazozimwaga hupima ujasiri. Ujasiri ni sifa ya mtu. Kazi ya mchapishaji ni kuamua. Mswada upi upite na upi urudishwe? Zipigwe nakala ngapi? Zisiponunuliwa, nani atabeba hasara? Katika sekta hii ya Kenya, kitabu cha kiada ndicho kinacholipa mishahara. Riwaya au diwani huishi kwa fadhila zake, labda mpaka siku itakapoteuliwa kutahiniwa shuleni. Ndiposa kumhakiki mchapishaji ni kuuliza: fedha za kiada alizitumia vipi kuilea fasihi? Alithubutu mara ngapi, na baada ya kuthubutu aliendelea au aliishia hapo? Maswali haya huyasikii kwenye hafla za tuzo. Utasikia 'gwiji', 'nguli', 'mwamba', kisha watu wakae mezani wale.

Kasoro ya pili ni lugha. Zile insha za 2016 ziliandikwa kwa Kiingereza. Mgala muue na haki umpe: Chakava mwenyewe alipotoa kitabu chake kuhusu uchapishaji barani Afrika mnamo 1996, alikiandika kwa Kiingereza. Wapo watakaonijibu kwamba Kiingereza kinafika mbali. Sawa, kinafika. Ila dau aliloliweka 1980 lilikuwa kwamba msomaji asiyejua Kiingereza naye ni msomaji, tena anayestahili riwaya nzito. Tukimsifu kwa lugha ambayo msomaji huyo haielewi, tunakuwa upande wa waliodai kwamba dau lile halina maana.

Ati haiwezekani kufanya vingine? Mnamo 2000, Tuzo ya Noma ilikiendea kitabu cha Kiswahili, Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu, cha Kimani Njogu na Rocha Chimerah, kilichochapishwa na Jomo Kenyatta Foundation. Kilichopimwa pale ni kitabu chenyewe, na sifa ikamfikia mchapishaji kupitia kazi aliyoifanya. Tuzo hiyo ilikoma 2009, lakini funzo lake halijakoma.

Idara zetu za vyuo vikuu nazo zina lao. Muhula baada ya muhula huchambuliwa maudhui, wahusika na mtindo, halafu daftari linafungwa. Mhariri aliyeupogoa mswada hatajwi. Mwanafunzi anahitimu akidhani vitabu huota kama uyoga.

Napendekeza hivi: kila anayetunukiwa kwa mchango wa maisha katika uchapishaji, apewe pia vitu 2. Kwanza, orodha kamili ya vitabu alivyovitoa, ikiambatana na uhakiki wa Kiswahili unaosema wazi alipofaulu na alipokwama. Pili, angalau kitabu kimoja kilichoadimika kati ya alivyovitoa kirudishwe madukani kwa bei ambayo mwalimu wa kijijini ataimudu. Ngao hupata vumbi kabatini. Kitabu kilichopigwa chapa tena humpata msomaji ambaye hakuwa amezaliwa kilipotoka mara ya kwanza.

Na tusingoje matanga. Kule Dar es Salaam, Walter Bgoya aliiongoza Tanzania Publishing House kuanzia 1972 hadi 1990, na mnamo 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota. Hiyo ni miongo ya kuamua kipi kisomwe na kipi kisisomwe Afrika Mashariki. Pana tasnifu ya uzamifu humo, pengine hata 2. Mwanafunzi atakayekuja ofisini mwangu na mada hiyo, akiwa tayari kuiandika kwa Kiswahili, nitamsimamia kwa furaha.